Majedwali Yaliyobaki Mugoma

Nyantakara,
9 Septemba 1978

Mjomba Anatoli,

Shikamoo. Mpe na Mama Eustakia shikamoo yangu. Sisi huku tupo, mvua za kwanza zimegusa na tumeanza kupanda. Mdogo wangu Limi amemaliza darasa la saba, anasubiri majibu. Ng'ombe wawili wa marehemu baba wamekufa kwa ndigana, wamebaki watano. Mama hajambo.

Mjomba, nina haja moja. Unaijua bunduki ya baba, ile shotigani ya mtutu mmoja. Kibali sasa kimeandikwa jina langu, na serikali ya kijiji imenipa kazi ya kulinda mashamba ya upande wa msitu. Lakini risasi hakuna. Wilayani waliletewa boksi mbili mwezi wa tano, zikaisha kabla sisi hatujasikia. Mwaka jana nguruwe pori walifukua ekari nzima ya mihogo, na walichoacha wao nyani walikuja kuchukua mchana, wakitukodolea macho. Tulikula mboga ya majani mpaka mwezi wa nne. Mwaka huu tumepanda mahindi ekari tatu, na yakiliwa hayo sina neno la kumwambia mama.

Ninayo maganda matupu arobaini na moja. Nasikia yanajazwa upya nyumbani kwa fataki mpya za kuwashia, baruti na chembe za marisau. Mzee Bulugu wa hapa, ambaye ana gobole na zamani aliwabebea wawindaji mizigo, anasema kila mwindaji alikuwa na kitabu chenye orodha ya vipimo, hajazi hata ganda moja bila kukifungua. Niliandikia duka la vitabu Mwanza, wakajibu hawana na hawajui kinapopatikana. Ndipo nikakumbuka lile sanduku la vitabu alilokuachia Padri Idefonsi, maana yule Padri aliwinda. Kama kitabu kimo, nakuomba. Mahindi yataanza kubeba Desemba.

Mpwa wako,
Methusela Malongo


Mugoma,
2 Oktoba 1978

Kwa mpwa wangu Methusela,

Marahaba. Barua yako imechukua siku ishirini, nayo imenikuta mzima, ila magoti. Mama Eustakia alikuwa na homa, amepona, anakusalimu. Migomba yetu imesimama vizuri. Limi ajitayarishe kwa majibu yoyote, mwambie nimesema hivyo. Mwambie pia mama yako kwamba namsalimu sana. Hii ni mara ya tano ninamsalimu kwa barua.

Nimefungua sanduku. Marehemu Padri Idefonsi aliacha vitu vitatu vinavyohusu haja yako: kitabu kinene cha Kiingereza, kijitabu kilichotolewa na watengenezaji wa baruti wenyewe, na daftari alilokuwa akiandika kwa mkono kila alipojaza maganda. Kwa hiyo furahi, umefika mahali sahihi.

Lakini sitakutumia kitabu chenyewe. Kwanza kiko kimoja, na posta unaijua. Pili ni cha Kiingereza. Tatu, na hili ndilo kubwa, nimefundisha miaka thelathini na moja, na nimejifunza kwamba mtu akipewa majedwali kabla ya maelezo atayatumia kama ramli. Nitakutafsiria kwa Kiswahili, somo baada ya somo, kama tulivyofanya katika elimu ya watu wazima. Kila somo lina maswali kumi. Ukinirudishia majibu, nakutumia linalofuata. Masomo ni sita, na majedwali yapo katika la sita.

Somo la kwanza nimeliambatisha. Linahusu namna ya kutambua mwongozo mzuri. Kwa kifupi: mwongozo mzuri hutaja jina la baruti, si kusema "baruti" tu. Hutaja mwaka ulipochapishwa, kwa sababu vitu hivi hubadilishwa kiwandani na jina likabaki lile lile. Hueleza nani alivipima vipimo na kwa chombo gani. Na hauoni aibu kusema mambo yanavyoharibika. Kitabu kisichokuwa na onyo hata moja kimeandikwa na mtu ambaye hajajaza ganda, au amejaza moja tu.

Nakurudishia pia barua yako. Nimeisahihisha kwa wino mwekundu, hasa matumizi ya nukta. Usichukie, mazoea ya kazi.

Mjomba wako,
Anatoli Bizimana


Nyantakara,
29 Oktoba 1978

Mjomba,

Shikamoo. Pole kwa magoti, na Mama Eustakia pole ya homa. Limi hakuchaguliwa. Amelia siku mbili, sasa analima. Mama hajambo.

Majibu ya somo la kwanza haya hapa, yote kumi. Barua yenye wino mwekundu niliipata. Limi aliicheka akasema, "Kaka, umerudia darasa." Mzee Bulugu naye ananitania kila tukikutana: "Mjomba wako bado yuko ukurasa wa kwanza? Basi waambie nguruwe wasubiri kengele."

Mjomba, sikatai kusoma. Nimelisoma somo mara tatu na nimeona lina maana. Lakini barua inakwenda wiki tatu na kurudi wiki tatu. Nimepiga hesabu: somo la sita litanifikia mahindi tumeshavuna, au yameshavunwa na wenye meno. Nakuomba unitumie majedwali sasa, na masomo mengine yafuate nyuma yake. Nakuahidi sitagusa ganda kabla ya kuyamaliza.

Mahindi yanafika magotini. Kwenye mpaka wa msitu nimeona nyayo za nguruwe, wakubwa na watoto.

Methusela


Mugoma,
21 Novemba 1978

Mpwa wangu Methusela,

Marahaba. Mpe Limi pole. Mwambie kutochaguliwa si kosa lake, shule ni chache na watoto ni wengi, na ningependa asome somo lako pamoja nawe. Huku vita imechukua magari yote. Vijana saba wa hapa wameitwa, na wawili kati yao niliwafundisha kuandika majina yao. Sukari hakuna, sabuni hakuna, mafuta ya taa tunapimiana kwa kijiko. Mama yako namsalimu.

Umepata tisa kwa kumi. Swali la saba ulijibu haraka.

Kuhusu majedwali, jibu langu ni hapana, na nitakueleza sababu ili usidhani ni ukaidi. Hivi sasa mifuko ya posta inafunguliwa njiani. Karatasi yenye vipimo vya baruti, imetoka mpakani, inakwenda kwa kijana mwenye bunduki, nani atasikiliza habari za nguruwe? Masomo ni maneno matupu, yanapita. Majedwali hayapiti. Na hata kama yangepita, hiyo ahadi yako ya kutogusa ganda ameshaitoa kila mwanafunzi niliyewahi kumwachia chaki.

Somo la pili na la tatu nimeyatuma pamoja ili kuokoa muda. La pili linaeleza kwa nini mtu asitumie mwongozo mmoja peke yake. Nimelinganisha kitabu, kijitabu na daftari la Padri. Mahali pawili kitabu na kijitabu vinapingana, na Padri kwa mkono wake ameandika pembeni: "Fuata kile kidogo." Nimekaa nikiwaza maneno hayo. Mtu mmoja na kitabu kimoja hana wa kumwambia kwamba amekosea. La tatu ni la kukagua maganda: yapi ya kutupa hata kama roho inauma.

Soma taratibu.

Anatoli


Nyantakara,
17 Desemba 1978

Mjomba,

Shikamoo. Huku wazima. Mama hajambo.

Majibu ya somo la pili haya. La tatu sijamaliza, ila maganda nimeyakagua na nimetupa kumi na mawili. Roho imeuma kweli.

Wiki iliyopita Shibuda, binamu yangu wa upande wa baba, alipita hapa na kikosi chake kuelekea Bukoba. Alilala kwetu siku moja. Mambo mengine nitakueleza tukionana. Fataki nimepata. Baruti nimepata pia, nyingi ya kutosha.

Naomba unijibu swali moja tu, lisilokuwa katika somo. Baruti ya gobole ni nyeusi, ya unga. Hii yangu ni ya kijivu, vijiti vidogo vidogo vinavyong'aa. Mzee Bulugu anasema baruti ni baruti, na anacho kipimo cha kizibo alichotumia maisha yake yote na vidole vyake vyote kumi anavyo. Je, ni kweli ni mamoja?

Mahindi yamebeba. Tafadhali jibu upesi.

Methusela


Mugoma,
4 Januari 1979

Mpwa wangu Methusela,

Marahaba, na heri ya mwaka mpya. Krismasi tumeipitisha bila nyama lakini kwa afya. Mama Eustakia alipika maharage kwa mawese, tukala na majirani ambao mtoto wao yuko vitani na hawajapata habari zake tangu Novemba. Kanisa lilijaa kuliko nilivyowahi kuona. Mvua imezidi huku, na daraja dogo la kuelekea sokoni limekwenda na maji, hivyo barua hii nimempa mwalimu mmoja anayehamia Biharamulo aifikishe kwa mkono hadi shuleni kwenu. Mama yako namsalimu, na ningefurahi siku moja kupata hata mstari mmoja kutoka kwake.

Majibu yako ya somo la pili ni mazuri. Umepata kumi kwa kumi. Nimemwonyesha Mama Eustakia. Katika swali la nne ulieleza kwa maneno yako mwenyewe kwa nini waandishi wawili wanaweza kutofautiana bila mmoja wao kuwa mwongo, nami sikumbuki mwanafunzi aliyewahi kulieleza hivyo. Umekuwa mwanafunzi wa kweli. Somo la nne nimeliambatisha, lina kurasa nane.

Sasa nakuja kwenye swali lako. Si mamoja. Methusela, si mamoja kabisa. Hiyo ya kijivu ni ya bunduki za jeshi, nami sitaki kujua zaidi imetoka wapi. Nguvu yake si ya gobole, na haikutengenezwa kwa ganda la shotigani. Kipimo cha Mzee Bulugu ni cha baruti nyingine. Ukikitumia kwa hiyo, mtutu hautavumilia. Vitabu vyote viwili na daftari vinakubaliana hapo bila tofauti. Ifukie mbali na nyumba, usijaze hata ganda moja, usijaribu hata kidogo.

Majedwali nimeyaambatisha mwishoni, baada ya somo la nne. Utaona hiyo baruti yako haimo. Ndiyo maana ya jedwali: kisichokuwemo hakiruhusiwi.

Mjomba wako,
Anatoli


Nyantakara,
11 Februari 1979

Mjomba,

Shikamoo. Anayeandika ni Limi. Maneno ni ya kaka Methusela, yeye anasema na mimi naandika. Amesema niandike yote.

Tarehe 22 Januari, Jumatatu, saa nne asubuhi, nyani waliingia shambani, zaidi ya thelathini. Mama alikuwa upande wa chini akipiga debe, wakamzoea, wakawa wanakula mahindi pembeni yake. Kaka alikwenda na bunduki na maganda manne aliyojaza kwa kipimo cha Mzee Bulugu. Alipiga moja. Bunduki ilipasuka karibu na shavu lake. Mkono wa kushoto umebaki kidole gumba na kile kinachofuata. Jicho la kushoto halioni. La kulia lilifungwa wiki mbili, kisha wamelifungua, linaona. Amerudi kutoka hospitali na tunaishi naye hapa nyumbani.

Mzee Bulugu anakuja kila siku. Anakaa mlangoni.

Kaka amesema niandike na hili. Barua yako ya tarehe 4 ilifika Ijumaa tarehe 19, siku tatu kabla. Mwalimu aliileta mwenyewe mpaka nyumbani. Kaka aliishika, akaipima mkononi, ikawa nene kama zile nyingine. Akasema, "Hili ni somo la nne. Nitalisoma tukishavuna." Akaiweka juu ya kabati. Nimeifungua mimi siku aliyolazwa, nikitafuta anuani yako vizuri. Nilisoma habari za Krismasi na za daraja. Nilisoma kumi kwa kumi. Halafu nikafika kwenye jibu.

Nilimsomea hospitalini. Aliniambia niirudie. Niliporudia akaniuliza, "Jibu liko ukurasa wa ngapi?" Nikamwambia wa pili, chini.

Mahindi yameisha. Tulivuna gunia moja na nusu.

Kwa niaba yake,
Limi Malongo


Mugoma,
1 Machi 1979

Mpwa wangu Methusela, na wewe Limi,

Nimekaa siku tatu mbele ya karatasi hii.

Naanza na jambo lenyewe, kama nilivyopaswa kufanya Januari. Majedwali nilimaliza kuyatafsiri tarehe 14 Oktoba. Yalikuwa kazi ya siku mbili. Tangu siku hiyo yalikaa katika bahasha juu ya meza yangu, yamenakiliwa kwa mwandiko safi, mistari imepigwa kwa rula. Niliyoandika kuhusu mifuko ya posta kufunguliwa yalikuwa kweli, lakini hayakuwa sababu. Barua yako ya Oktoba ilinifikia kabla ya posta kukazwa, na siku ile ile ningeweza kuyatuma. Nilitaka ufike kwenye somo la sita. Nilikuwa na mwanafunzi, Methusela. Tangu nistaafu sijawa naye. Kila bahasha yako ilipofika nilivaa miwani, nikatafuta wino mwekundu, nikamwita Mama Eustakia asikie umejibu nini.

Onyo kuhusu baruti za aina mbili lilikuwa katika somo la tano. Kitabu cha Padri kimeliweka ukurasa wa kwanza kabisa, kwa herufi kubwa. Mimi ndiye niliyelihamisha, nikaona linatisha, litamkatisha tamaa anayeanza.

Mtu aweza kusema kwamba ungeifungua barua. Nami nimejisemea hivyo usiku na mchana, na kila nikisema naona bahasha ilivyokuwa nene.

Nataka kuja. Nitaleta kitabu, kijitabu na daftari, vyote viwe vyako, nami nitakusomea na kukueleza mpaka uweze kuvitumia bila mimi. Nitasaidia pia kuandika maombi kwa wilaya kuhusu wanyama waharibifu. Najua mama yako ana neno nami tangu mwaka wa sabini na nne. Wakati ule kamati ya vijiji vipya ilinipa siku mbili tu za kukagua eneo, na ilikuwa kiangazi, na mimi nilikuwa mwalimu mkuu, si bwana shamba. Lakini hayo ni mazungumzo ya ana kwa ana.

Niambieni nije lini.

Anatoli


Nyantakara,
25 Machi 1979

Mjomba,

Shikamoo. Naandika mwenyewe. Mkono wa kulia ni mzima, ila karatasi inakimbia kwa kuwa wa kushoto hauwezi kuishika vizuri. Limi ameniwekea jiwe.

Kitabu usilete. Bunduki haipo, vipande vimechukuliwa na polisi pamoja na kibali. Maganda nimempa mganga wa jirani, anawekea dawa. Sina hasira na kitabu. Majedwali yako nimeyaona, mistari imenyooka. Nilijaribu kuyasoma kwa jicho moja nikayaacha.

Mama amesikia barua yako yote. Limi alipofika kwenye kamati na kiangazi, mama alisema, "Rudia hapo." Kisha akasema mambo ambayo sijawahi kumsikia akiyasema, na ameniruhusu nikuandikie.

Anasema mwaka ule walikuwa Nyabusozi, yeye na baba, karibu na chemchemi, na migomba ya miaka tisa. Ulikuja na karatasi yako ukanywa togwa kwake. Alikuambia kwa mdomo wake, "Kaka, kule Nyantakara ni njia ya nguruwe, watu wa kule wanalima kwa kukesha." Ukamjibu kwamba utaandika unachokiona kwa macho, siyo unachoambiwa. Ukaenda mchana, ardhi imekauka kama tofali, hakuna nyayo. Ukaandika: wanyama waharibifu, hakuna. Baada ya miezi miwili wakaja na malori kutuhamishia huku. Baba alipoonyeshwa karatasi akasoma jina la chini, akacheka. Mama hakucheka. Ndiyo maana nilikuwa naandika "Mama hajambo" na basi. Ulimsalimu, nikamsomea salamu zako zote, hakuna hata moja aliyojibu. Mimi nilikuficha hilo kwa sababu nilikuwa na shida na kitabu.

Nimeuliza kama nikuambie usije. Amesema hapana, uje. Nakuandikia alivyosema, sikuongeza kitu: "Mwambie sihitaji mwalimu hapa, wala mtu wa kuandika maombi. Tumepanda mtama. Methusela ana mkono mmoja na jicho moja, Limi ni msichana, mimi nimechoka. Kuna vibanda viwili vya kulindia. Cha upande wa kijiji nakaa mimi. Cha upande wa msitu hakina mtu. Akija, akae hicho mpaka tuvune mwezi wa saba. Apige debe. Tukikutana shambani asinieleze kitu."

Mtama umeota. Ndege wameshaanza.

Methusela


Mugoma,
10 Aprili 1979

Methusela,

Barua yako nimeipata leo. Ninaondoka kesho asubuhi. Gari likikosekana nitatembea kutoka Biharamulo.

Anatoli